Filamu ya Bagika na Bagalu

Mwaka juzi nilikuwa mtafsiri wa filamu katika banda la video pale Kharumwa. Kazi yenyewe ni kwamba filamu inakuja na lugha yake, mimi nakaa pembeni na kipaza sauti, napunguza sauti ya wenyewe, kisha nawasemea wote: mwanamume, mwanamke, askari, hata mbwa. Kikorea sikijui, Kihindi sikijui, na Kiingereza changu ni cha kuulizia njia. Lakini mdomo ninao, na banda lilikuwa linajaa.

Mwaka huohuo nilikuwa na mchumba, nikimpenda mpaka nasahau kula. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kijiji. Baba yangu aligombea uenyekiti kwa chama hiki, baba yake kwa chama kile. Wazee hawa waliwahi kuazimana plau miaka mingi bila neno, ila kampeni zilipoanza kila mmoja akamwona mwenzake shetani. Jukwaani baba yangu alisema jambo kuhusu meno ya mwenzake, watu wakacheka, na wiki hiyohiyo barua yetu ya posa ikarudishwa bila kufunguliwa. Binti akapelekwa kwa shangazi yake Runzewe. Baba yake alitangaza kuwa hata uchaguzi ukipita, kwetu hataoza.

Sasa siku ya mnada, saa nane mchana, nimeweka filamu ya mapenzi niliyopewa kwenye flashi siku ileile. Sikuwa nimeitazama. Ndipo mvua ikamwagika ghafla, watu wa mnadani wakaanza kukimbilia ndani, na kati yao akaingia yeye, baba wa binti, fulana ya chama imemgandia kifuani. Akakaa benchi la mbele kabisa, hatua tatu kutoka kwangu. Moyo ulinidunda nikaogopa kipaza sauti kitaunasa. Niliona kama Mungu amenikabidhi mkwe na mvua ya kumzuia asitoke. Nikijua kuongea, leo barua itafunguliwa.

Shida ilikuwa moja. Kwa mabango na bendera za mwanzoni tu nilijua filamu yenyewe ni ya siasa, kijana mtoto wa mkuu wa jimbo na binti wa kiongozi wa wapinzani, na mama mwenye banda alikuwa amenionya kwamba neno chama likitajwa ndani mle, viti vikirushwa, nitavilipa mimi. Nikafikiri haraka, nikapata dawa. Nikawageuza wote kuwa wacheza ngoma. Ukoo wa kijana nikaufanya Bagika, ukoo wa binti Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Kisukuma yanayoshindana kila baada ya mavuno. Mkutano wa hadhara ukawa mashindano, hotuba ikawa majigambo ya manju anayeongoza ngoma, na polisi waliofyatua moshi nikasema wanatimua vumbi la uwanja. Watu wakapokea vizuri ajabu. Upande wa kushoto wakajitangaza Bagalu, wa kulia Bagika, na kila mzungu mwenye suti akitokea wanamshangilia au wanamzomea.

Nami nikalewa sifa. Nikaanza kumwekea yule kijana maneno yangu. Kila alipofungua mdomo mbele ya mzee wa binti, nilimsemesha kwamba anaheshimu, analima ekari nne za pamba, hanywi, na meno ya mzee yeye anayaona mazuri tu. Yule mkwe wangu wa benchi la mbele alikuwa ameinamia mbele, viwiko magotini. Alicheka mara mbili, nilihesabu. Nikaahidi banda zima kwamba hawa wataoana kabla mvua haijakatika.

Ndipo ikafika stesheni ya treni. Binti anapanda na baba yake, kijana anabaki chini, treni inaondoka. Nikasubiri binti arudi. Harudi. Nikasema kwamba anakwenda kuwaita mashangazi, harusi ni Jumamosi. Skrini ikawa nyeusi, majina meupe yakaanza kupanda. Nikasema hayo ndiyo majina ya kamati ya harusi.

Banda lilipiga vigelegele. Watu walikumbatiana, Bagika kwa Bagalu. Mzee peke yake hakusogea. Alinyoosha mkono kama mtu aliye kwenye mkutano, akaniomba nirudishe nyuma kidogo, pale pa treni, na safari hii nisiseme kitu.

Nikarudisha, nikazima kipaza sauti. Tukatazama kimya, mvua tu ikipiga bati. Uso wa yule binti ulijaa dirisha la treni, akilia kilio ambacho mtu hawezi kukiita cha harusi. Nilitamani benchi lifunguke linimeze. Niliona nimemdanganya mkwe mbele ya mnada mzima, na sasa hata lile tumaini dogo limekwisha.

"Gashi, kumbe hawakuoana," alisema.

"Hawakuoana, baba."

"Na hao wazee wao, mwisho nani alishinda?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, filamu haikuonyesha. Akakaa akiitazama skrini iliyokwisha zimika. Kisha akasimama, akaivuta fulana yake iliyolowa itoke mwilini.

"Mwambie baba yako aje Jumapili na ile barua," alisema. "Aje na shati la kawaida. Mimi pia nitavaa la kawaida."

Nilitaka kushukuru. Nilitaka kusema asante, baba, Mungu akubariki, na mengine niliyokuwa nimeyapanga tangu mvua ianze. Badala yake nilimjibu, "Marahaba," mtu wa kunizaa, tena kwa sauti nzito. Banda likapasuka kwa kicheko, naye akatoka mvuani akitikisa kichwa.

Nilimpigia simu binti kule Runzewe. Alidhani kuna msiba. Nikamweleza yote bila kupumua, na yeye akataka kujua jambo moja tu, filamu iliishaje. Nikamwambia wale wa kwenye filamu hawakuoana, ila baba yake ameumia kwa niaba yao. Nikasikia anapenga kamasi. Kisha akaanza kucheka, nami nikaanza, tukacheka mpaka salio likakata.