Kitasa cha Shaba

Dada wa maabara wa zahanati yetu ndiye aliyemwambia chifu usoni kwamba ana minyoo, ndiye aliyetufunza kunawa wakati wa korona kwa sauti ya kufukuza ngedere shambani. Sasa amekipaka kitasa cha mlango oksidi ya shaba, chembe ndogo kuliko vumbi la unga, na tangu asubuhi anahubiri: "Kirusi kikitua hapa, hakimalizi siku! Shikeni!" Watu wanakibonyeza kwa leso, kwa bakora, mzee mmoja kwa kofia yake, na kitasa kisiposhikwa kwa mikono, utafiti wake utafungwa.

Susu Mbithe, bibi aliyekuwa kwenye benchi akingoja dawa ya presha, alimwona dada mwenyewe akipita. Hakubeba kitu, lakini mlango aliufungua kwa kiwiko. Kiwiko kilitangulia chenyewe, kama mbuzi anayejua njia ya kisimani.

"Mwana wakwa, mwanangu, kiwiko chako hakikusikia mahubiri?"

Benchi zima likaangua kicheko. Dada akageuka, akakishika kitasa kwa kiganja chote, akakitikisa kama anayemsalimia mkwe. Kisha akaiokota bakora ya susu, akamkabidhi.

"Susu, keti hapa mlangoni. Kiwiko chochote kikija, kichape. Anza na changu."