Mahali Aliposimama Mtoto wa Shaba

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hunirudia kila manyunyu yanapopita juu ya mji huu wa Guangzhou, Uchina, na kuiacha hewa imetulia kama pumzi ya mtu aliyelala. Nilikuwa mwanafunzi wa ufadhili, na pamoja na mwenzangu Rajabu niliwasaidia wafanyabiashara wa kwetu kwa ukalimani. Siku hiyo tulikuwa na Bi Mwanaidi, mjane wa Unguja. Marobota yake yalikuwa yameshapelekwa bandarini Nansha, na jioni angepanda ndege kwenye uwanja wa Baiyun. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu: kusimama pale aliposimama marehemu mumewe.

Unaijua desturi yetu. Mgeni wa mara ya kwanza hupelekwa kisiwani Shamian, akapigwa picha kando ya sanamu, ikatumwa nyumbani wajue kafika salama. Mumewe naye alipigwa picha, mkono ukiwa begani mwa sanamu ya mtoto wa shaba. Safari hiyo hiyo akaugua, akafia huku.

Kisiwa kile kilipangwa na Waingereza na wenzao wa Ulaya zama za Malkia Viktoria. Walijijengea nyumba za nguzo nene, wakaamini kwamba jiwe likishasimikwa halibanduki. Bendera zao ziliteremshwa, nyumba zikapata wenyewe wengine, na chini ya miti mikubwa wakaja kuwekwa watu wa shaba wasio na vyeo wala farasi. Hata hao hawakudumu wote.

Tulipofika, mtoto wa kwenye picha aliyotuonyesha Bi Mwanaidi hatukumwona popote. Nikamuuliza mlinzi. "Mei you," akajibu, neno lile lile tunaloambiwa sokoni bidhaa inapokwisha. Rajabu akaninong'oneza, "Tumpeleke kwa yule mtoto mwingine wa shaba. Atajuaje? Aondoke na roho yake imetulia." Sijamjibu, keshaita: "Mama, huyu hapa."

Bi Mwanaidi akaitazama sanamu, kisha akamtazama Rajabu.

"Mume wangu alikuwa mfupi, baba. Nilikuwa nikimtania kwamba mtoto wa shaba karibu amshinde kimo. Huyu wako anaishia kiunoni." Akashusha sauti. "Umenionea huruma, nakushukuru. Lakini usinipeleke kulia kwenye kaburi la watu."

Rajabu akainamisha kichwa. "Wameiondoa, mama. Tuwie radhi."

"Basi tupatafute ilipokuwa."

Akaitoa picha mkobani. Nyuma ya marehemu ulionekana mlango wenye nguzo mbili na dirisha la duara juu yake. Tukatembea taratibu, mlango baada ya mlango, huku maharusi wa Kichina waliokuja kupigwa picha wakipita na mashela yao meupe, kimya, kama watu wa ndotoni. Mlango ulipolingana na ule wa kwenye picha, Rajabu akapiga magoti, akafagia majani kwa kiganja. Kwenye mawe yalibaki matundu ya misumari iliyoishikilia sanamu, yamezibwa kwa saruji.

Bi Mwanaidi akasimama kando ya matundu hayo. "Nipigeni picha," akasema, "ila msiniweke katikati. Acheni nafasi ya mtu mfupi."

Tukaiacha. Kisha akasoma Fatiha, akakung'uta matone ya manyunyu kwenye buibui lake, tukampeleka uwanja wa ndege.

Mwanangu, wewe unayehangaika leo na mizigo ya mtaa wa biashara wa Guangyuan Xilu au na vitabu vya chuo, nisikilize. Waliojenga kisiwani pale waliikabidhi kumbukumbu yao kwa mawe, na mawe yakahudumia wengine. Kukumbuka ni kazi ya walio hai, na haifanyiki ila kwa ukweli. Usizibe pengo la mtu kwa uongo, hata ule unaotoka kwenye moyo mwema. Aliyepotelewa ana haki ya kuambiwa kwamba kitu chake hakipo tena, na ana haki ya kupata mwenzake wa kumsaidia kupatafuta kilipokuwa. Mwambie hilo la kwanza bila kuzunguka. Kisha umfanyie hilo la pili bila kutazama saa.

Mola akujaalie ulimi mnyoofu na mkono mpole. Na siku utakapomlilia wako ugenini, akupe watu watakaokufikisha penyewe hasa, wakae nawe hapo hadi utosheke.