Hodhi la Guku

Harufu ya ndimu na majivu yaliyoloa bado inanirudisha Didia, uani kwa babu yangu, tuliyemwita Guku. Mimi sikusoma, shule niliiacha darasa la nne. Lakini muulizeni yeyote Geita mjini: nyumba yangu ina mabafu matatu, maji ya moto muda wote, na kila tofali limetoka kwenye jasho langu, si la baba wala la mjomba. Naanza na hilo ili mjue anayewasimulia habari za hodhi chakavu la kuogea si mtu aliyekosa pa kuogea.

Hodhi lenyewe lilikuwa la chuma, refu, lina miguu minne na ganda jeupe kama la sahani za bati. Ujanani Guku alilisugua miaka mingi nyumbani kwa meneja Mzungu wa kiwanda cha kuchambulia pamba, asiliingie hata siku moja. Nyumba ile ilipobomolewa akalinunua kwa mbuzi wawili, lakini maji yalikuwa ya shida, likaishia kunyweshea ng'ombe. Kutu na magadi vikalijaza madoa ya kahawia. Kiangazi kile, nikiwa na miaka kumi, fahali alimvunja Guku nyonga, akawa wa kulala tu. Baba alikuwa machimboni. Mama alikuwa mkwe wake, hakuweza kumwogesha, basi kazi ikawa yangu, kwa kopo na kitambaa. Siku moja akaniambia, "Mume mwenzangu," maana marehemu bibi aliniita mume wake, "nisafishie lile hodhi. Nataka nikae humo mara moja kabla sijafa, nijue yule bwana alikuwa anasikia raha gani."

Akanielekeza akiwa kitandani: ndimu, majivu yaliyochekechwa, kitambaa laini, wiki nzima, taratibu. "Mchanga usiuguse. Ukilichuna, limekwisha." Siku ya tatu madoa yalikuwa yamefifia kidogo tu, na kesho yake Baba alikuwa anarudi. Nilitaka akute linang'aa, aambiwe ni kazi yangu. Nikachukua mchanga na kipande cha jembe bovu. Lo, liling'aa! Mama akapiga vigelegele. "Weye, umeshakuwa fundi!" Baba alipofika tukambeba Guku hadi uani, maji ya vuguvugu yako tayari kwenye ndoo. Kabla hatujamwingiza akashusha mkono, akapapasa ndani. Vidole vikakwaruza chuma kitupu.

"Hili sasa ni la ng'ombe," akasema. "Nirudisheni."

"Mzee, maji yatapoa," Baba akambembeleza. Akageuzia uso mlangoni, tukamrudisha kitandani. Mvua za kwanza hazikumkuta.

Mwaka huu nililileta Geita kwa lori, nikaita fundi. Amelipaka rangi mara tatu, na mara tatu kutu imechomoza palepale. Jana akachutama, akapitisha kiganja. "Bosi, hapa pamechunwa. Nani alifanya ujinga huu?"

Mimi, ninayemtembeza kila mgeni nimwonyeshe ukuta niliojenga mwenyewe, nikamjibu kwamba nililikuta hivyohivyo.

"Basi halirudi," akasema, akakusanya brashi zake.

Enzi zile maji tuliyabeba kichwani, na hodhi lilikuwa bado linaweza kupona. Leo maji yanatoka ukutani, ya moto, nikitaka hata usiku kucha. Fundi alipoondoka nilijaza ndoo, nikachukua kopo, nikaoga nimesimama pembeni ya hodhi.