Dirisha Linalotazama Kambi

Chumba anacholala mdogo wangu, katika nchi moja ya Ghuba, kinatazama uzio wa kambi ya jeshi la Marekani. Mimi ndiye niliyemwambia akichukue.

Alipopata kazi za ndani huko, aliambiwa achague kati ya familia mbili: moja ilikaa mbali na mji, nyingine jirani na kambi. Alinipigia nikiwa dukani kwangu Korogwe, ninakouza mbegu na mbolea. Nyumbani nahesabiwa mjuzi kwa sababu sikosi taarifa ya habari. "Nenda karibu na kambi," nikamwambia. "Nani atathubutu kurusha jiwe kwenye ua wa mkubwa?"

Siku zile rais wa Marekani alikuwa akisema nchi yake kwanza, vita vya mbali basi. Nilimwamini. Kisha, kwa neno lilelile la nchi kwanza, zikapelekwa Ghuba meli na ndege za vita, na maadui wake wakatangaza kwamba wakipigwa, watajibu kwenye kambi zake. Nikawa nawasha redio kabla ya kufungua mlango wa duka.

"Balozi, leo umetuamkia na vita gani?" wateja walinitania. "Hii mbegu ya muda mfupi itakomaa kabla ya kombora?" Nilicheka nao, kisha nikaongeza sauti ya redio.

Juzi mchana nilikuwa Chanika, Handeni, kwa mama. Tulikuwa tunachambua maharage redio ilipotangaza kwamba makombora yamerushwa kuelekea nchi ileile. Hapo hapo simu ya mama ikalia. Alikuwa mdogo wangu; mama akapokea kwa sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

Nikaidaka simu. "Uko wapi? Toka dirishani!"

Mama akanipiga mkono. "Wewe! Mwache mwenzio asalimie." Kwake salamu haikatizwi hata paa likiungua. Akaivuta simu. "Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Simu ilikuwa imekatika.

Leo redio inasema makombora mengi yalidunguliwa na kambi haikupata madhara makubwa. Nyumba za jirani haizitaji.

"Hivi nani alimshauri akae pale?" mama aliniuliza asubuhi.

"Sijui, mama," nikasema.

Ujumbe niliomtumia mdogo wangu juzi, dakika ile simu ilipokatika, bado una tiki moja; haujamfikia.