Hakuna Shida, Mheshimiwa

Siku yangu ya kwanza kazini Kigoma nilifika na suti, shahada ya uchumi na jasho jingi. Mkuu wa Kitengo, mama kutoka Mbeya asiyecheka ovyo, alinieleza kazi ya kitengo chetu cha serikali: kupitia rasimu za kanuni. Mamlaka ya udhibiti, yaani chombo kinachotunga kanuni za sekta fulani, iko huru, hatuwezi kuiamuru. "Lakini kabla kanuni haijasainiwa," alisema, "sisi tunauliza kama faida yake inazidi maumivu yake. Huo ndio uchambuzi wa faida na gharama. Ya darasani yaache darasani."

Rasimu ya kwanza ya mamlaka niliyopewa kuchambua ilikataza boti za abiria kubeba mizigo. Faida ilikuwa wazi: boti ikijazwa kupita kiasi huzama. Gharama nikaenda kuitafuta Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika. Nilisimama ufukweni na dodoso langu, nikawauliza kinamama waliokuwa wakianika dagaa kama kanuni hiyo ingewasumbua.

"Hakuna shida, Mheshimiwa," alijibu Mama Editha, kiongozi wao. Wengine wote wakajibu vivyo hivyo. Nikaandika: gharama, hakuna. Nilijiona bingwa.

Mkuu alisoma ukurasa mmoja tu. "Walikukaribisha kiti?"

"Walinikaribisha, bosi. Nilikuwa na haraka."

"Basi umeniletea salamu. Rudi ukakae."

Nikarudi, nikakalia ndoo iliyopinduliwa, nikala ugali wa muhogo, tukaongea habari za wajukuu. Ndipo Mama Editha akauliza, "Baba, dagaa wangu watapanda boti yao peke yao? Wakifika sokoni Kibirizi nani atawauza, nahodha?"

"Mbona juzi ulisema hakuna shida?"

"Ulikuwa mgeni, tena umesimama juani na suti. Nikuongezee mzigo?"

Kinamama walicheka mpaka wakashikana mabega.

Tuliiandikia mamlaka, tukauliza tu dagaa watafikaje sokoni bila wenyewe. Ikabadilisha rasimu: mizigo iruhusiwe kwa kipimo, nyuma ya ukuta wa mbao. Mama Editha akaendelea kusafiri na magunia yake.

Sasa nimestaafu kwa hiari, naishi Ujiji. Mwezi uliopita nilipanda naye boti. Tangu Mwamgongo mpaka Kibirizi alinilalamikia: mbao zinamkwaruza mgongo, kipimo kinabana, na aliyepitisha kanuni ile hajawahi kubeba gunia. Nilimsikiliza kwa raha zangu zote. Katika utumishi wangu mzima sikuwahi kupewa takwimu nzuri kama zile.