Ndoto Isiyotaja Jina

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa bado bibi harusi mgeni katika kambi ya polisi, niliamka jasho linanitoka na mume wangu amelala kando yangu mzima kabisa. Nilikuwa nimeota viti vya sebule yetu vinatolewa nje, mikeka inatandikwa, wanawake wanaketi chini kimya. Wewe umezaliwa hapa Kampala, mwanangu, unajua viti hutolewa nyumba ikifiwa. Uso wa marehemu sikuuona.

Nikasema moyoni, nani tena kama si mume wangu? Alikuwa askari, na miaka ile aliyekwenda zamu hakuwa na hakika ya kurudi. Nikaficha buti zake, nikajidai mgonjwa. Alinicheka, akazitoa buti chini ya kitanda, akaenda kazini.

Mama mkwe alikuwa ametoka kwao kaskazini kututembelea. Aliponiona nimeganda mlangoni aliuliza kinachonisumbua. Sikumwambia, niliogopa kuitamka ile ndoto nisije nikaipa nguvu. Akaketi barazani, akaegemea ukuta.

"Mutoto yangu, kuja kaa na mimi kidogo," akasema. "Leo mwili yangu iko mubaya."

Nikamwitikia kwamba nakuja. Sikwenda. Nilishinda getini, kila pikipiki ikinguruma roho inataka kunitoka.

Jioni mume wangu akarudi salama, mkate mkononi. Nikamkumbatia mbele ya majirani bila haya. Akauliza mama yuko wapi. Mama alikuwa pale pale barazani, amekwisha kupoa. Hata maji hakuna aliyempa.

Sasa mwanangu, umenipigia simu kutoka kwako Bukoto ukilia kwamba umeota msiba, na unataka baba yako asisafiri. Sikwambii ndoto ni uongo. Mimi mwenyewe ninaziogopa hadi leo, na kuna siku silali bila taa. Lakini kama ndoto haikutaja jina, usiitajie wewe. Mpigie baba yako umtakie safari njema, kisha wasalimie na wengine, hata yule shangazi mnayemkimbia kwa maneno yake mengi. Na mtu akikuomba uketi naye, keti.

Mungu aifunike nyumba yako, mwanangu. Na siku atakayomchukua mmoja wetu, akukute umemshika mkono.