Asmini kwa Upatu wa Mfalme wa Jawa

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Msimamizi alinipa kitambaa laini, kofia nyekundu na amri moja. "Chochote kilicho hai kisiingie humu. Kikiingia, wewe utatoka."

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nimeshaacha shule mapema, nimepita mashamba ya mkonge na gati la bandari, na kote nilichoka upesi. Nyumba hii ya Uhindini, nilikoajiriwa mlinzi, sikuichoka. Mfanyabiashara mmoja Mholanzi aliijaza vitu vya wafalme wa Jawa, kisiwa cha mbali mashariki, akaifungua watu waje kutazama. Palikuwa na majambia yenye makali ya mawimbi, nguo zilizochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi, na upatu wa kugongwa ngomani, wa shaba nyeusi, mpana kama sinia la pilau ya harusi. Sisi walinzi tulifuta vumbi kwa kuelekea upande mmoja tu, tusikwaruze. Maua yalikatazwa kwa kuwa huleta wadudu, na wadudu hula nguo.

Alhamisi moja akaja mpishi wa meli, mzee wa Kijawa. Alipouona upatu alichuchumaa, akaunganisha viganja mbele ya uso.

"Huu ni wa jumba la mfalme wetu," aliniambia kwa Kiswahili cha melini. "Baba yangu ndiye aliyekuwa akiugonga. Kila Alhamisi jioni hupewa maua. Huku nani anaupa?"

"Hakuna, mzee."

"Meli yangu inang'oa nanga leo."

Saa ya chakula nikampeleka Kariakoo, kwa Mwajuma muuza asmini.

"Shikamoo, baba. Unaoa leo?"

"Marahaba. Ni za upatu wa mfalme."

"Kwani upatu una pua?" Kisha akamtazama usoni, akaongeza kiganja kingine cha asmini.

Mlangoni nilikumbuka amri. Nikamfungulia. Akaziweka chini ya upatu, akasoma Fatiha, akarudi melini.

Jioni Bwana Msimamizi aliziona. "Ondoa takataka hizo, nami nitasahau."

"Siwezi, Bwana. Aliyeziweka ameshaondoka, sina wa kumwomba ruhusa."

"Ruhusa unaniomba mimi."

Nikavua kofia, nikaiweka mezani.

Baadaye nilikuwa utingo wa lori, kisha mpimaji wa mizigo, mpaka mgongo uliponistaafisha. Vijana huniuliza kama nilijuta. Njaa ya mwezi ule naikumbuka vizuri. Lakini nilikuwa nimeajiriwa nivilinde vitu vile visiibwe, na hadi siku ile sikuwa nimejiuliza vilifikaje pale.